Hatua Chache Kabla ya Utepe

Alan Sillitoe alipoketi kuigeuza hadithi yake kuwa filamu, alibadilisha wapinzani. Katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1959, Colin Smith, kijana wa mtaa wa vibarua mjini Nottingham aliyefungwa kwa kuiba sanduku la fedha la bekari, anakimbia mbio za nyika dhidi ya vijana wa magereza mengine ya vijana, wahalifu wenzake. Katika filamu ya mwaka 1962, The Loneliness of the Long Distance Runner, anayekimbia naye bega kwa bega ni mwanafunzi wa shule ya bweni ya matajiri, kijana mrefu mwenye nywele zilizochanwa vizuri na adabu za mezani. Wengi wanaoitazama hawalijali badiliko hilo, kwa kuwa macho yao yote yako kwenye mwisho wa mbio. Mimi naona ndipo filamu nzima ilipofungwa fundo lake. Tukitaka kulifungua, turudi nyuma miaka sitini, hadi kijiji cha Borstal, karibu na mji wa Rochester katika wilaya ya Kent.

Hadi mwishoni mwa karne ya 19, kijana wa Kiingereza wa miaka 16 au 17 aliyepatikana na hatia alipelekwa jela ile ile waliyofungwa watu wazima. Aliingia mwizi wa mfukoni, akatoka amefundwa. Mwaka 1895 kamati iliyoongozwa na Herbert Gladstone ilitoa ripoti iliyolaani mtindo huo, na mwaka huo huo Evelyn Ruggles-Brise akakabidhiwa uongozi wa magereza ya England. Ruggles-Brise alikuwa bwana mkubwa kwa malezi yote: alisoma Eton, kisha Oxford. Alivuka bahari kwenda kuangalia jela ya vijana ya Elmira, jimbo la New York, akarudi na wazo kwamba kuna umri ambao mtu bado hajakauka, bado anafinyangika. Mwaka 1902 akatengewa sehemu ya gereza la zamani pale Borstal kufanyia jaribio lake. Sheria ya mwaka 1908 ikaliimarisha jaribio hilo: kijana wa kati ya miaka 16 na 21 angeweza kuhukumiwa kukaa humo mwaka mmoja hadi mitatu, na siku ya kutoka isiwe imeandikwa kwenye hukumu. Ingetegemea mwenendo wake.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho cha kukishika. Mfungwa wa kawaida anadaiwa siku; akizimaliza, anadaiwa nini tena? Kijana wa Borstal alidaiwa moyo. Ilimpasa aonekane amebadilika, na waliokaa kumpima kama amebadilika ndio hao hao waliokuwa wakimbadilisha.

Kisha akaja Alexander Paterson. Huyu alisoma Oxford, lakini aliishi miaka mingi Bermondsey, mtaa wa maskini wa kusini mwa London, akiendesha vilabu vya vijana, na alipoteuliwa kamishna wa magereza mwaka 1922 aliziingia Borstal, kama jela zote za aina hiyo zilivyoitwa kwa jina la kijiji kile, kwa bidii ya mmisionari. Aliwavua walinzi sare zao za kijeshi. Aliligawa kila jengo katika nyumba, kila nyumba ikapewa mlezi wake, rangi zake na timu yake ya mpira. Vijana walioaminika wakafanywa viranja. Kukawa na kambi za kiangazi, ngumi, mbio, makombe. Aliyelelewa katika shule za bweni za Afrika Mashariki za enzi hizo, Tabora au Alliance, angeijua ratiba hiyo hata akiwa amefumba macho, maana chimbuko ni moja: shule za bweni za tabaka la watawala wa Uingereza, zile zilizodai kwamba kiwanja cha michezo kinamfanya mvulana kuwa muungwana. Paterson alichukua malezi waliyonunuliwa watoto wa mabwana kwa karo kubwa akawapa bure wezi wa baiskeli. Alikuwa na nia njema, na sina sababu ya kumcheka.

Mei 1930 nia hiyo ilitoka barabarani watu wakaiona. Wavulana wapatao arobaini walitoka Borstal ya Feltham, magharibi mwa London, wakiongozwa na W. W. Llewellin, wakatembea kwa miguu zaidi ya maili mia moja kuelekea kaskazini hadi Lowdham Grange, karibu na Nottingham. Wakifika jioni kwenye mji walilala katika kumbi walizokaribishwa, asubuhi wanashika njia tena. Hawakufungwa pingu. Walipofika hawakukuta jela: walikuta shamba na mahema. Jela walikwenda kuijenga wenyewe, na haikuwekewa ukuta. Magazeti yaliandika sana, na watu wa magereza kutoka nchi nyingine wakaja kujifunza. Katika kipindi kile kati ya vita viwili vya dunia, Uingereza ilijivunia sana namna yake ya kuwatendea wahalifu vijana.

Wakati kundi lile linafika Lowdham, Alan Sillitoe alikuwa na miaka miwili, maili chache kutoka hapo, kwenye nyumba za kupanga za Nottingham.

Baba yake hakujua kusoma wala kuandika, na katika miaka ya 1930 mara nyingi hakuwa na kazi. Familia ilihamahama kukwepa wadai wa kodi. Alan aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kiwanda cha baiskeli cha Raleigh, kiwanda kile kile ambacho baiskeli zake zilibeba maziwa, ndizi na bibi harusi kote Afrika Mashariki. Baada ya vita alijiunga na jeshi la anga, akapelekwa Malaya kuendesha mitambo ya redio, na aliporudi daktari akamkuta na kifua kikuu. Alilala hospitali ya jeshi zaidi ya mwaka. Ni pale kitandani alipoanza kusoma vitabu kwa njaa na kuandika. Pensheni ndogo ya ugonjwa ikamwezesha kwenda kuishi Ufaransa na halafu kisiwa cha Majorca, akiwa na mshairi Ruth Fainlight aliyekuja kuwa mke wake. Kule Majorca alikuwako mshairi mkubwa Robert Graves, aliyemshauri aache habari za mbali aandike kuhusu Nottingham anayoijua. Ushauri huo ukazaa Saturday Night and Sunday Morning, riwaya iliyokataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya kutoka mwaka 1958, na mwaka uliofuata mkusanyiko wa hadithi fupi uliobeba ile ya mkimbiaji.

Sillitoe alisimulia kwamba chanzo cha hadithi hiyo kilikuwa mtu aliyempita dirishani akikimbia peke yake. Aliandika maneno machache kwenye karatasi, akayasahau, baadaye akayakuta. Alichokifanya kwa maneno hayo ni kumpa Colin sauti yake mwenyewe: hadithi nzima anaisema kijana, kwa Kiingereza cha mtaani, akijua fika kwamba anayemsikiliza yuko upande wa pili wa uzio. Colin amegawa dunia mafungu mawili, walio ndani ya sheria na walio nje, na hana mpango wa kuhama fungu lake. Sioni hadithi nyingi za Kiingereza za wakati ule ambazo mwizi haombi kuhurumiwa hata mara moja.

Aliyeitaka filamu hiyo alikuwa Tony Richardson, mtoto wa mwenye duka la dawa kutoka Yorkshire, aliyesoma Oxford na kujipatia jina mwaka 1956 kwa kuongoza tamthilia ya John Osborne, Look Back in Anger, katika ukumbi wa Royal Court. Pamoja na Osborne na mfanyabiashara Harry Saltzman alianzisha kampuni ya Woodfall. Sinema ya Uingereza wakati huo ilikuwa imejaa maofisa wa vita na mabibi wa nyumba kubwa. Mfanyakazi wa kiwandani alionekana akifungua mlango au akichekesha. Woodfall walitoa kamera studio wakaipeleka mtaani. Riwaya ya kwanza ya Sillitoe waliifanya filamu mwaka 1960, ikiongozwa na Karel Reisz, Albert Finney akiwa fundi wa mashine, na faida yake ikafungua mlango kwa hii ya pili. Kamera alishika Walter Lassally, mzaliwa wa Berlin aliyefika England akiwa mtoto mkimbizi mwaka 1939. Lassally alipenda mwanga wa mbingu yenye mawingu na kamera nyepesi inayoweza kubebwa mkononi, na vitu hivyo viwili ndivyo vilivyoifanya filamu hii ipumue.

Colin akapewa Tom Courtenay, mwenye miaka 24, mtoto wa mpaka rangi wa mashua kwenye bandari ya Hull. Sura yake haikuwa ya nyota wa sinema. Mashavu yalikuwa yamebonyea, mdomo mkubwa, kifua chembamba kama cha mtu aliyelelewa kwa mkate na chai. Anavyokimbia, mikono inarukaruka, kichwa kinayumba. Kocha yeyote wa Iten angemsimamisha amfundishe upya. Lakini unaamini kwamba miguu hiyo ilianza kukimbia ikiwakimbia askari, kama Colin anavyosema kwamba katika ukoo wao kukimbia ni kazi ya tangu zamani.

Kwa upande wa pili Richardson aliweka watu wasiohitaji kujifunza. Mkuu wa Borstal ni Sir Michael Redgrave, ambaye kabla ya kuwa mwigizaji alikuwa mwalimu wa Cranleigh, shule ya bweni ya matajiri huko Surrey. Wajihi, suti, mikono nyuma, namna ya kumuuliza kijana swali huku jibu tayari analo: hayo aliyaona kazini. (Mwaka huo huo Richardson alimwoa binti yake, Vanessa, kwa hiyo mwongozaji alikuwa akimtungia mabaya mkwe wake.) Kijana wa shule ya matajiri ni James Fox, mhitimu wa Harrow. Jengo lilikuwa Ruxley Towers, kasri la minara huko Claygate, Surrey, ambalo kwenye filamu limebadilishwa jina kidogo tu likawa Ruxton Towers.

Gari la polisi linafika getini na vijana waliofungwa pingu wawili wawili. Mkuu anawapokea kwa hotuba fupi: wakishirikiana naye, naye atashirikiana nao. Hapigi kelele. Kuna mlezi mpya, Brown, kijana msomi wa saikolojia anayetaka kujua kinachowasibu vijana. Mkuu anamwona kama mtu wa nadharia tu, maana yeye dawa anayo tayari, nayo ni michezo. Anamwona Colin uwanjani, anauliza yule ni nani, na kuanzia siku hiyo maisha ya Colin yanaanza kulainika. Kazi inakuwa nyepesi. Kiranja aliyekuwa kipenzi cha Mkuu, Stacey, anashindwa na Colin kwenye mbio, anapigana naye, anapoteza cheo chake, anatoroka. Hivyo ndivyo upendeleo unavyofanya kazi mahali pa kufungiwa: kiti ni kimoja, na wa jana lazima ainuke.

Zawadi kubwa kuliko zote ni asubuhi. Alfajiri mlango unafunguliwa, Colin anatoka peke yake, bila mlinzi, anakimbia msituni na kurudi. Hapa Lassally anaiachia kamera. Miti inapita juu, jua linaingia kati ya matawi, kamera inazunguka na kijana naye anazunguka, anajitupa kwenye majani, anacheka peke yake. Tarumbeta ya jazi ya mtunzi John Addison inacheza naye. Ni dakika chache za furaha tupu, na mtazamaji anaelewa kwa nini hatoroki: kwa saa ile moja hakuna anayemdai kitu. Mkuu naye anaamini kijana harudi ila kwa uaminifu. Wote wawili wanafurahia mbio zile zile, kila mmoja kwa hesabu zake.

Anapokimbia ndipo kumbukumbu zinapokuja, na filamu inatupeleka Nottingham vipande vipande. Baba, aliyechakaa kiwandani, amekufa nyumbani akiwakataa madaktari na dawa zao hadi mwisho. Kiwanda kinamlipa mjane pauni 500. Mama, anayechezwa na Avis Bunnage kwa ukali usio na lawama nyingi, anatoka na watoto kununua: godoro, nguo, televisheni. Richardson ameigeuza safari hiyo ya dukani kuwa kama tangazo la biashara, lenye nyota zinazometameta, na ni mzaha unaouma kwa sababu familia hii inafurahi kweli, kwa mara ya kwanza, kwa fedha ya maiti. Hawara wa mama anahamia kabla matanga hayajapoa. Colin anapewa noti kadhaa mkononi, naye anaichukua ya pauni moja anaiwasha kwa kiberiti, anaiangalia inavyojikunja. Anakataa kazi kwenye kiwanda kilichommaliza baba yake. Yeye na rafiki yake Mike wanakaa mbele ya televisheni, mwanasiasa akihutubia taifa kuhusu fahari na bidii; wanafunga sauti, wanamtazama akifumbua na kufumba mdomo, wanacheka hadi wanalia.

Wizi wenyewe ni mdogo: usiku, bekari, dirisha, sanduku la fedha. Colin anazificha noti kwenye bomba la maji ya mvua nje ya mlango wa nyumba yao. Askari kanzu anakuja mara ya kwanza, ya pili, anapekua hadi uvunguni, hapati. Siku ya mwisho anasimama mlangoni mvua ikinyesha, wanabishana, Colin ana jibu kwa kila swali. Halafu noti zinaanza kutoka chini ya bomba. Moja, nyingine, zinateleza kwenye maji hadi karibu na viatu vya askari. Colin ameziona kabla yake, na anaendelea kuongea, anaongeza maneno, kama mtu anayeweza kuizuia mvua kwa mdomo. Watu wa sinema huisifu sana sehemu ya msituni. Mimi nikiambiwa nichague dakika mbili za filamu hii, nitachukua hizi.

Richardson ana makosa yake. Anapenda vitimbi. Mara anaharakisha picha watu watembee kama kwenye vichekesho vya zamani, mara anakata kwa fujo, na wahakiki wa wakati ule walimwambia wazi kwamba ameyaiba haya kwa Wafaransa. Hawakukosea. Miaka mitatu kabla yake François Truffaut alikuwa ametoa Les Quatre Cents Coups, iliyoshinda tuzo ya uongozaji Cannes mwaka 1959, kisa cha Antoine Doinel, mtoto wa Paris anayepelekwa kituo cha watoto watukutu kwa kuiba mashine ya kuchapa, na ambaye siku moja wakicheza mpira anapenya chini ya uzio na kukimbia hadi baharini. Truffaut mwenyewe aliwahi kufungiwa kituo kama hicho. Filamu yake ni laini zaidi na huenda ni bora zaidi. Ila Antoine anakimbia kutoka. Colin anakimbia ndani ya mipaka aliyopewa, kila asubuhi anarudi kwa hiari, na hilo ni jambo gumu zaidi kulionyesha.

Kuna sehemu moja ambapo vitimbi vya Richardson vinapata kazi ya maana. Wageni wamekuja kuwatumbuiza vijana: mtu anaiga sauti za ndege, wengine wanaimba nyimbo za kizungu cha juu, vijana wanajizuia wasicheke. Kisha wote wanaimba Jerusalem, ule wimbo wenye maneno ya William Blake na muziki wa Hubert Parry, unaoimbwa kwenye shule za matajiri, kwenye vyama vya akina mama na kwenye mikutano ya chama cha Labour vilevile. Nyuso zinaonekana moja moja zikiimba. Katikati ya sauti hiyo picha inakatwa: Stacey amekamatwa, analetwa, mlango unafungwa, anapigwa. Tunarudi kwenye wimbo. Tunarudi kwa Stacey. Mkuu hayuko kwenye chumba cha kipigo, na yawezekana hajui kinachoendelea kwa kina. Yuko ukumbini anaimba.

Siku ya mbio magari yanafika na wazazi, kofia, karatasi za ratiba. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, vijana wa pande mbili wanakutana, mwanzoni wakiviziana. Halafu wanaanza kuulizana: nyie mnaruhusiwa kuvuta sigara? Chakula kikoje? Mnaamka saa ngapi? Inageuka kuwa malalamiko yao yanafanana, na chumba kizima kinaangua kicheko. Hapo ndipo Ruggles-Brise na Paterson wanapolipwa deni lao la nusu karne. Borstal ilijengwa kwa ramani ya shule ya matajiri. Sasa watoto wa nyumba mbili wamekaa benchi moja na wanatambuana. Tofauti ni kwamba mmoja akitoka hapo anakwenda kutawala, na mwenziwe anakwenda kiwandani. Mkuu anataka kombe la mbio hizo kuliko kitu chochote, kwa sababu ushindi juu ya shule ile ungethibitisha kwamba dawa imefanya kazi. Angekuwa amewatoa waungwana kwenye takataka.

Colin anaongoza. Anamwacha yule wa James Fox vichakani, anatokea kwenye uwanja wa mwisho peke yake, umati unasimama. Kichwani picha zinagongana: kitanda cha baba, noti inayoungua, askari kanzu, Mkuu akitabasamu. Hatua chache kabla ya utepe anapunguza mwendo. Anasimama. Vijana wenzake wanapiga kelele akimbie, wengine karibu walie. Anamtazama Mkuu aliyeko jukwaani na anaanza kutabasamu polepole, na uso wa Redgrave, ambao filamu nzima umekuwa na jibu kwa kila kitu, unabaki bila jibu. Mwenye nywele zilizochanwa anafika akihema, anampita, anashinda. Colin anamwinamia kidogo kumpisha.

Alichokikataa hapo ni nini? Kombe lenyewe hakuwa na ugomvi nalo. Wala hakunyimwa kitu: hakuna aliyemtendea vyema maishani mwake kuliko Mkuu huyu. Ndiyo maana filamu hii ni ngumu kuliko Scum, ambayo Alan Clarke aliifanyia BBC mwaka 1977, wakubwa wakaizuia isirushwe, akaifanya upya kwa ajili ya sinema mwaka 1979 Ray Winstone akiwa mhusika mkuu. Katika Scum, Borstal ni damu na vitisho, na kila mtazamaji anajua amchukie nani. Sillitoe alichagua Borstal inayotabasamu. Alijua kwamba ukatili una kikomo, mtu huuvumilia ukapita, lakini fadhili ya aliyekufunga inataka ulipe kwa nafsi, ukubali kwa furaha kwamba alikuwa na haki. Colin angeweza kushinda na kubaki adui kimoyomoyo. Naona alihofia kwamba angeufurahia ushindi.

Adhabu inafuata. Katika hadithi anabebeshwa mapipa ya taka kwa miezi. Kwenye filamu tunamkuta karakana, kwenye meza ndefu, akichambua vinyago vya kujikinga na gesi vilivyobaki vya vita. Hadithi inakwenda mbele zaidi: Colin anatoka, mapafu aliyoyaumiza kwa kukimbia kwenye baridi yanamwokoa na jeshi, anarudi kwenye wizi akiwa amekomaa zaidi, na maandishi tunayosoma amemwachia rafiki ayatoe siku akikamatwa. Filamu haikuthubutu kwenda huko, na naona ni hasara, maana Colin wa kitabuni anashinda kweli kweli, kwa masharti yake.

Wakaguzi wa filamu waliipa alama X, yaani asiingie aliye chini ya miaka 16. Sheria mpya ya mwaka 1961 ilikuwa imeteremsha umri wa kupelekwa Borstal hadi miaka 15, kwa hiyo serikali ilimwona mvulana wa miaka 15 kuwa mkubwa wa kutosha kufungwa humo, ila mdogo mno kulipa tiketi akaone kulivyo. Courtenay alipata tuzo ya chuo cha filamu cha Uingereza kwa mwigizaji mpya mwenye matumaini. Richardson, Osborne, Lassally na Addison waliingia moja kwa moja kwenye Tom Jones, kichekesho cha rangi kilichoshinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1963, na tabaka la vibarua likaachwa Nottingham.

Borstal zenyewe zilikuwa tayari zinachoka. Baada ya vita zilijaa kupita kiasi, walezi wa aina ya Llewellin wakazeeka, na waliotoka na kurudi uhalifuni wakaongezeka mwaka hadi mwaka. Sheria ya mwaka 1982 ikazifuta England na Wales. Lakini wazo lilikuwa limeshasafiri. Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwatoa wavulana wa Kikuyu, Embu na Meru waliokamatwa kwa Mau Mau kwenye kambi za Manyani na Embakasi, ikawapeleka Wamumu, kwenye tambarare za Mwea, mwaka 1955. Kule walipewa sare, gwaride, mpira, ufundi na darasa, na wakatarajiwa watoke wakiwa watiifu. Mmoja wa maofisa vijana wa Wamumu, Geoffrey Griffin, alianzisha kituo cha wavulana cha Starehe mwaka 1959 pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Kila Mkenya anajua shule hiyo imefika wapi. Laiti mtu angemwandikia kijana wa Wamumu filamu, tungejua kama naye alikimbia hadi mwisho. Jina la Borstal, lililofutwa kwao, lingali katika sheria za Kenya, na vijana hupelekwa Shimo la Tewa kule Pwani na Shikusa kule Kakamega, kwa muda usiozidi miaka mitatu, hesabu ile ile ya mwaka 1908. Tanzania ilishika njia ya shule ya maadilisho, pale Irambo, Mbeya.

Lowdham Grange nayo ipo. Kwenye ardhi ile ile waliyoijenga wavulana wa Feltham, mwaka 1998 lilifunguliwa gereza la watu wazima lenye kuta ndefu, likaendeshwa na kampuni binafsi kwa mkataba. Mwaka 2023 lilihamia kwa kampuni ya pili, na kabla mwaka haujaisha serikali ikaingilia kati kulichukua.